Mutoto Anahara Kisha Kumeza Antibiotiki



Mara mingi ku kliniki wamama wanauliza ulizo hili: "Mutoto wangu alikuwa na ugonjwa wa mapafu. Munganga alimupa antibiotiki. Kikohozi kimeisha, lakini sasa anahara. Je, dawa ilikuwa mbaya?" Kuna wamama wengine, mutoto akihara mara mbili tu, wanatuma mutu mbio ku soko anunue kapsili. Na wengine wanamukataza mutoto chakula, kwa sababu nkambo alisema tumbo inapaswa kupumuzika.

Mu fundisho hili tutaona mambo matatu: kazi ya antibiotiki mu tumbo, kazi ya chakula, na kazi yako wewe mama. Soma polepole. Kama jirani yako hajui kusoma, umusomee.

1. MU TUMBO KUNA WATUMISHI

Unajua kwamba kuna mikrobe zinazoleta magonjwa. Lakini si mikrobe zote ni adui. Mu matumbo ya kila mutu, mukubwa na mudogo, kunaishi mikrobe mingi sana, hesabu yake inapita hata nywele za kichwa. Nyingi kati yao ni watumishi wetu. Mungu aliyeumba mwili alizipa kazi, na kazi yenyewe ni hii:

Kwanza, zinakamata nafasi. Mikrobe mbaya ikiingia, inakuta viti vyote vina watu.

Pili, zinakula mabaki ya chakula. Mikrobe mbaya inabaki na njaa.

Tatu, zinatengeneza ukali kidogo, kama ukali wa maziwa ya kuganda. Mikrobe mingi mbaya haziwezi kuvumilia ukali huo. Tena huo ukali ni chakula cha ngozi ya ndani ya tumbo. Ngozi hiyo ikiwa na nguvu, inafunga njia, ugonjwa haupiti.

2. ANTIBIOTIKI HAICHAGUI

Antibiotiki ni zawadi kubwa. Watoto mingi wako wazima leo kwa sababu ya dawa hiyo. Lakini haijui kuchagua. Inaua mikrobe ya mapafu, na njiani inaua hata watumishi wa tumbo.

Wewe mulimaji unajua moto wa kipwa, wakati mvua haiko. Moto unaunguza majani mabaya, lakini unaunguza hata vitu vizuri. Na mvua ya kwanza ikinyesha, kitu cha kwanza kuota peke yake si mahindi. Ni majani mabaya. Mu tumbo iko vile vile. Kisha antibiotiki nafasi inabaki wazi, na mikrobe mbaya inapenda nafasi wazi.

Wenye elimu wa Marekani walipima jambo hili mu miaka ya 1950 na 1960. Walikamata panya wazima, wakawapa mikrobe inayoitwa salmonela, ile inayoharibu tumbo. Iliomba karibu mikrobe 100,000 ili ugonjwa ushike. Kisha walikamata panya wengine, wakawapa kwanza antibiotiki inayoitwa streptomisini. Sasa mikrobe zisizofika 10 zilitosha. Mama, angalia tofauti hiyo! Uchafu kidogo sana, ambao tumbo yenye watumishi ingeushinda, unaweza kuangusha tumbo iliyofagiliwa na dawa.

Mu mwaka 1978 waganga walitambua tena mikrobe moja inayoitwa klostridiumu difisile. Inaamuka kisha antibiotiki na kuleta kuhara kukali, zaidi kwa watu wazima na wazee. Watoto wachanga mingi wanaibeba bila kugonjwa. Mbegu zake hazikufi kwa alkoli. Zinaondoka ukinawa mikono kwa sabuni na maji. Ndiyo sababu tunarudilia kila siku neno la sabuni.

Kuhara kunaweza kuanza wakati mutoto angali anameza dawa, ao hata majuma kadhaa kisha kuimaliza. Watumishi wa tumbo wanarudi, lakini polepole. Wakati mwingine inaomba miezi.

3. CHAKULA NDICHO KINARUDISHA WATUMISHI

Hapa ndipo wamama wanakosea njia, kwa sababu ya upendo. Wanawaza: tumbo ni mugonjwa, basi tuifunge na njaa. Lakini ukifunga chakula, unafunga na watumishi. Mutoto anakonda, na mutoto mwenye kukonda anahara tena mbio. Anahara, anakonda, anakonda, anahara. Watoto wanakufa mu njia hiyo.

Maziwa ya mama. Mu maziwa yako kuna aina ya sukari ambayo mutoto mwenyewe hawezi kuisaga. Basi iko pale kwa kazi gani? Ni chakula cha mikrobe nzuri za tumbo yake! Kila mara unamunyonyesha, unalisha mutoto na unalisha watumishi wake. Kwa hiyo, usimukatishe mutoto ziwa kwa sababu anahara. Umunyonyeshe mara mingi kupita zamani. Mutoto asiyetimiza miezi 6 anyonye tu, asipewe uji wala maji ya kunywa tu. Dawa ya munganga na maji ya ORS atapewa kama vile ameambiwa.

Chakula cha shamba. Kuna sehemu ya chakula ambayo tumbo ya mutu haisagi: zile nyuzi-nyuzi za mu maharagi, mu majani ya mboga, mu matunda, na mu unga ambayo haikuondolewa makapi yote. Usiwaze kwamba nyuzi hizo ni bure. Zinashuka chini, na mikrobe nzuri zinazikula, zinatengeneza ule ukali unaolinda tumbo.

Mu mwaka 2010 kulitangazwa habari ya watoto wa kijiji kimoja cha Burkina Faso na watoto wa muji wa Florence, kule Italia. Wale wa kijiji walikula mutama, maharagi na mboga. Wale wa Italia walikula nyama, sukari na mafuta mingi. Wenye elimu waliangalia mikrobe za matumbo yao. Watoto wa kijiji walikuwa na ule ukali muzuri mingi zaidi. Tena mikrobe za jamaa ya shigela, ile inayoleta kuhara damu, zilikuwa kidogo kwao kuliko kwa wale wa Italia. Mama wa Lubudi, usizarau sombe, matembele, lenga-lenga na maharagi yako. Usiuze yote ili ununue biskuti na maji ya sukari ya chupa. Sukari mingi inaweza hata kuongeza kuhara.

Munkoyo je? Munkoyo mupya, uliotengenezwa na maji ya kuchemsha na kutiwa mu chombo safi, uko na mikrobe nzuri pia. Mukubwa anaweza kuukunywa. Lakini si dawa, na si kinywaji cha mutoto muchanga. Ukikaa siku mingi unageuka pombe.

4. KAZI YAKO MAMA

a) Kama munganga amekupa antibiotiki, mupe mutoto kipimo chote, kwa siku zote ulizoambiwa. Akianza kuhara, usiikatize wewe mwenyewe. Rudi ku kliniki uulize, na uje na karatasi ao kisanduku cha dawa.

b) Usinunue kapsili ku soko kwa kuhara. Kuhara kwa maji kwa watoto, mara mingi hakuombi antibiotiki. Unatosha feza, unachoma shamba la tumbo, na ugonjwa unabaki. Kuhara damu ni jambo lingine: hapo munganga ndiye anachagua dawa.

c) Usimupe mutoto dawa ya kufunga tumbo.

d) Rudisha maji mu mwili. Omba ORS na vidonge vya zinki ku kliniki. Zinki inamezwa siku 10 mupaka 14, hata kama kuhara kumeisha. Kama ORS haiko, chemsha maji litre 1, yapoe, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Kijiko kisawazishwe, kisijae mulima. Usizidishe chumvi, inaweza kuua. Umupe mutoto kidogo kidogo kisha kila kuhara. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole. Yakilala mupaka kesho, yamwange.

e) Mutoto aliyepita miezi 6 aendelee kula: uji muzito wenye unga ya karanga na mafuta ya ngazi kidogo, maharagi yaliyopondwa, bukari laini na sombe iliyotwangwa sana, ndizi, papai. Umupe kidogo, lakini mara mingi. Kuhara kukiisha, umuongezee chakula kimoja kila siku kwa majuma 2.

f) Mu majuma haya, ongeza usafi. Tumbo haina walinzi bado. Chemsha maji ya muto na ya kisima. Osha matunda. Pasha moto chakula kilicholala mupaka kichemke. Nawa mikono na sabuni kisha choo, kisha kusafisha mutoto, mbele ya kupika na mbele ya kulisha.

5. USINGOJE

Kimbia ku hospitali, hata kama ni usiku, ukiona jambo moja kati ya haya: damu mu mavi; mutoto hawezi kunywa ao kunyonya; anatapika kila kitu; macho yameingia ndani; analala tu, haamuki vizuri; ana homa; ao anahara kama maji ya muchele bila kupumuzika. Kule ku bonde la Lualaba, upande wa Bukama, kolera imerudi mara mingi, na kolera inaua kwa saa kidogo. Njiani endelea kumupa ORS na ziwa. Tena, kama kuhara kumepita siku 14, njoo, hata kama mutoto anacheza.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA NA WENZAKO

1. Watumishi wa tumbo wanafanya kazi gani tatu?
2. Sababu gani mutoto aliyemaliza antibiotiki anagonjwa mbio kwa uchafu kidogo?
3. Mama moja anasema: "Mutoto anahara, nimemukatisha ziwa." Utamujibu nini?
4. Mu shamba lako ao ku soko lenu kuna vyakula gani vinavyolisha mikrobe nzuri? Taja vitano.
5. Litre 1 ya maji inaomba sukari ngapi na chumvi ngapi?

Mama, munganga anaweza kuandika dawa mu dakika tano. Kurudisha tumbo ya mutoto ni kazi ya majuma mengi, na kazi hiyo inafanyika mu jiko lako, na mikono yako. Bwana aitie nguvu.