Kueneza Raga Katika Shule za Kaunti ya Kakamega: Nafasi ya Kiswahili Uwanjani

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna mchezo wa raga unavyoweza kupangwa na kuenezwa katika shule za kaunti moja ya Kenya, yaani Kakamega, na mchango wa Kiswahili katika kazi hiyo. Huenda msomaji akajiuliza, raga na Kiswahili wapi na wapi? Jibu limo katika amri tatu anazotoa mwamuzi kabla ya wavulana 16, wanane kila upande, kukutanisha mabega na kusukumana. Mmoja wao asipoielewa amri, au akiielewa visivyo, kinachokuwa hatarini si pointi bali shingo yake.

Mchezo uliopitia langoni mwa shule

Raga ilipata jina lake kutokana na shule ya Rugby, nchini Uingereza. Masimulizi ya mwanafunzi William Webb Ellis aliyedaka mpira na kukimbia nao mwaka wa 1823 hayana ushahidi wa kuridhisha, ingawa kombe la dunia la mchezo huu limepewa jina lake. Chama cha kwanza cha raga kiliundwa jijini London mwaka wa 1871. Mchezo uliletwa Kenya na walowezi, na ukalelewa katika shule za wavulana wa Kizungu kama vile Prince of Wales na Duke of York, ambazo leo ni Nairobi School na Lenana School. Baada ya uhuru wanafunzi Waafrika waliurithi na kuufanya wao.

Asili hiyo ingali inaacha alama. Mtoto wa Kenya hujifunza kandanda mtaani, kwa mpira wa makaratasi na kamba, kabla ya kujua kusoma. Raga hukutana nayo katika shule ya upili, ikiwa shule hiyo inayo. Ujuzi wake hupokezanwa baina ya wanafunzi wa sasa na wale waliotangulia, na shule isiyo na watangulizi hao haina pa kuanzia.

Kakamega ina sifa ambayo kaunti nyingi zingeitamani. Klabu ya Kabras Sugar ilitwaa Kombe la Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 2016. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kina timu yake, na Shule ya Kakamega ni jina linalotajika katika michezo ya shule nchini. Hata hivyo, kaunti hii ina kaunti ndogo 12, kutoka Likuyani upande wa kaskazini hadi Khwisero upande wa kusini. Umaarufu wa shule mbili tatu si ithibati kwamba mchezo umeenea.

Nani mwenye shule, nani mwenye uwanja?

Mtu anayetaka kueneza raga katika kaunti hukumbana kwanza na swali la mamlaka. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, shule za msingi na za upili zimo chini ya serikali ya kitaifa, ilhali viwanja vya michezo na shughuli za michezo mashinani ni miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kwa hivyo waziri wa michezo wa kaunti anaweza kusawazisha uwanja na kununua mipira, lakini hana amri juu ya mwalimu atakayefunza. Mwalimu huyo ameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, na wakati wake hupangwa na mwalimu mkuu. Mpango wowote usioanza kwa kuwaketisha wawili hawa kwenye meza moja utaishia kwenye picha za uzinduzi.

Kikwazo cha pili ni ratiba. Raga ya wachezaji 15 kila upande huchezwa katika muhula wa kwanza, na ile ya wachezaji saba katika muhula wa pili. Washindi hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, eneo na taifa. Utaratibu huu huwafaa walio hodari. Tuseme shule 16 zimeingia katika mashindano ya mtoano. Mechi zote zitakuwa 15, na shule nane zitacheza mara moja tu kisha zirudi nyumbani zikangoje mwaka mwingine. Shule hizo hizo zikigawanywa katika makundi manne ya shule nne nne, kila mojawapo itapata angalau mechi tatu. Mwanafunzi hajifunzi mchezo kwa kushindwa mara moja kwa mwaka. Iwapo shabaha ni kueneza, si kutafuta bingwa peke yake, basi ligi ndogo za majirani zitangulie mtoano.

Kuhusu vifaa, hofu ya gharama hutiwa chumvi. Goli la kandanda, lenye upana wa mita 7.32, halifai, milingoti ya raga huachana kwa mita 5.6, na mwamba wa kukingama huwa mita 3 kutoka ardhini. Lakini mikaratusi haiadimiki Kakamega, na mvua ya huko huotesha nyasi ambazo shule za maeneo makavu huzionea kijicho.

Lugha ya mkufunzi

Tukifika katika lugha, mambo yanatatiza zaidi. Kanuni za raga, vitabu vya ukufunzi na mafunzo ya waamuzi huja kwa Kiingereza. Uwanjani, mwalimu huchanganya Kiingereza na Kiswahili. Wachezaji nao huongezea Sheng na Kiluhya. Mchanganyiko huo hauna ubaya wowote kwa wanaoujua mchezo. Kwa anayeanza, neno la Kiswahili alilolizoea kwingineko laweza kumpotosha.

Chukua kitenzi kukaba. Katika kandanda, kumkaba mpinzani ni kumwandama hatua kwa hatua bila ya kumshika. Mwanafunzi aliyetoka kandanda akiambiwa "Mkabe!" atakimbia sambamba na mwenye mpira, kwa utiifu kabisa, hadi mwenzake afunge. Wengine wangependelea kukumba. Hilo ni baya zaidi, kwa maana kumkumba mtu ni kumsukuma kwa mwili, na kanuni za raga zinakataza kumgonga mwenye mpira kwa bega bila ya kujaribu kumshika kwa mikono. Neno lenyewe lingekuwa linafundisha kosa! Pengine kauli ya vitenzi viwili, "mshike, mwangushe", yafaa zaidi, kwa sababu inafuata mpangilio wa tendo linaloruhusiwa. Kuotea nako kuna mtego. Mwanakandanda huwatazama walinzi wa upande wa pili. Katika raga, aliyeotea ni yule aliye mbele ya mwenzake aliyeucheza mpira mwisho.

Ama kuhusu trai, neno hili limekwisha kuzoeleka magazetini, na halina sababu ya kufukuzwa. Wapo ambao wangependekeza mguso, na hoja yao ina uzito: linamkumbusha mchezaji kwamba sharti mpira uguse ardhi ukiwa mkononi mwake ndipo apate pointi 5. Tatizo ni kwamba Kiingereza cha raga hutumia neno la kugusa kwa maana ya mpira uliotoka nje, na mwanafunzi wa Kenya huzisikia lugha zote mbili katika mechi moja. Bora trai ibaki.

Lakini pasipovumilia utani ni kwenye skramu. Tangu mwaka wa 2013 mwamuzi hutoa amri tatu: ya kujiweka tayari, ya kushikana, na ya kuingia. Ni rahisi mwalimu kuitafsiri ile ya kwanza kuwa "Inameni!" Anayeinama hukunja mgongo, magoti yakabaki wima na kichwa kikashuka chini ya nyonga. Kanuni zinataka kichwa na mabega visiwe chini ya nyonga, kwa kuwa hapo ndipo skramu huporomoka na shingo kupindwa. Kuchutama, ingawa hapa magoti hukunjwa nusu tu, kunaleta umbo linalotakiwa. "Chutama, shika, ingia" ni amri ambazo mvulana anayeanza anaweza kuzitii kwa mwili kabla ya kuzitafakari. Hata hivyo, sharti afunzwe na zile za Kiingereza, maana ndizo atakazozisikia siku ya mashindano. Aidha, mwalimu azingatie kwamba kwa walio chini ya miaka 19 skramu haisukumwi zaidi ya mita 1.5, na pasipokuwa na wachezaji wa mstari wa mbele waliofunzwa, haisukumwi kabisa.

Lugha ina kazi hata baada ya ajali. Mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo hutolewa uwanjani na haruhusiwi kurudi katika mechi hiyo. Kijana akiulizwa hali yake kwa Kiingereza hujibu kwa mazoea kwamba yuko salama. Aulizwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama yake iwapo ana kizunguzungu, kichefuchefu au anaona maluweluwe, na huenda akasema ukweli. Lugha hiyo hiyo ndiyo itumiwe katika barua ya kumwomba mzazi idhini. Mzazi aliyetia sahihi asichokielewa hajakubali lolote.

Hatua ya kuanzia

Kazi ya istilahi isianzie mezani. Wakufunzi wa Malava, Lurambi na Mumias wana maneno yao tayari, mengine yakiwa bora kuliko haya yaliyopendekezwa hapa. Michezo ya muhula wa kwanza hufanyika kati ya Januari na Aprili. Wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya karibu wanaweza kusimama kando ya uwanja na daftari, wakanakili kila neno mkufunzi analolipaza na kile wachezaji wanachofanya baada ya kulisikia. Shule ambazo hazijawahi kucheza zipelekewe orodha hiyo pamoja na mpira wa kwanza.