KUREKODI GITAA NYUMBANI: SOMO KWA VIKUNDI VYA VIJANA



Pwani yetu ya Kilifi haijakosa wapigaji gitaa. Marehemu Fundi Konde, mzaliwa wa Kilifi hii hii, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga gitaa la umeme katika Kenya. Alifariki mwaka 2000, lakini nyimbo zake tunazo kwa sababu ziliingizwa kwenye santuri. Sasa jiulize: ni wazee wangapi wa Mambrui na Magarini waliopiga gitaa maisha yao yote bila kurekodiwa hata mara moja? Walipozikwa, nyimbo zilizikwa nao.

Vijana nao wana shida yao. Wanachanga pesa, wanakwenda studio ya mjini, wanalipa kwa saa, na wakikosea wanalipa tena. Mwisho wanapewa wimbo uliokwisha kuchanganywa, lakini vile vipande vya gitaa na sauti vinabaki kwa mwenye studio. Kikundi kimoja tunachokijua kilitaka kubadilisha ubeti mmoja tu. Kikaambiwa kianze upya na kilipe upya.

Katika somo hili tutaona vile mashine moja ndogo, ikiwa ni mali ya kikundi, inaweza kupunguza shida hizo mbili.

MASHINE YENYEWE

Zamani wapigaji wote walirekodiwa kwa pamoja. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville (leo Likasi), Katanga: mtu mmoja, gitaa moja, mkupuo mmoja. Mwenda aliweza kwa kuwa alikuwa bingwa. Lakini wakiwa watu watano, na mmoja akakosea, ni lazima wote warudie.

Mwaka 1979 kampuni ya TASCAM ya Japani ilitoa Portastudio 144, mashine ya kubebeka iliyotumia kaseti ya kawaida na kuigawa njia nne. Mwanamuziki wa Marekani, Bruce Springsteen, alirekodi nyumbani kwake kwa mashine hiyo nyimbo za kuwaonyesha tu wenzake wa bendi. Hizo hizo zikatolewa mwaka 1982 kwa jina Nebraska.

Siku hizi kaseti imepisha kadi ya kumbukumbu. Mashine kama Zoom R8 au TASCAM DP-008 zina njia nane (mafundi huziita traki). Zinarekodi njia mbili kwa wakati mmoja, zina vipaza sauti vidogo ndani yake, na zinatumia betri nne za AA, kwa hiyo stima ikipotea kazi inaendelea. Ukinunua iliyotumika, jaribu kila kitufe na kila tundu kabla ya kutoa pesa.

Fikiria nyumba ya vyumba vinane. Gitaa la kwanza linakaa chumba chake, la pili chake, mwimbaji chake. Ukitaka kurekebisha chumba kimoja, huvunji nyumba nzima.

HATUA ZA KUFUATA

1. Tayarisha chumba. Chagua chenye godoro, mapazia na nguo, maana vitu laini hunyonya mwangwi. Kuta tupu na mabati hurudisha sauti. Zima feni na simu. Kwa sababu ya upepo na bodaboda, saa nzuri ni usiku baada ya Isha, ukishaomba radhi kwa majirani.

2. Tyuni gitaa kabla ya kila kurekodi, si mara moja tu. Gitaa la pili ni lazima lipatane na lile ambalo tayari liko ndani ya mashine. Hewa yetu ya chumvi inakula nyuzi, kwa hiyo zipanguse kwa kitambaa kikavu kila umalizapo.

3. Weka kipaza sauti mahali pake. Kwa gitaa lisilo la umeme, kiweke kama shibiri moja na nusu kutoka kwenye gitaa, kielekee pale shingo inapoungana na sanduku. Usikielekeze kwenye tundu. Sauti itavuma kama pipa. Gitaa la umeme unaweza kulichomeka moja kwa moja, lakini washa ile swichi ya gitaa kwenye mashine, la sivyo sauti itakuja nyembamba.

4. Pima kiwango. Piga kwa nguvu zile zile utakazotumia katika wimbo. Sauti kubwa kabisa ifike kama desibeli 12 chini ya sifuri. Taa nyekundu ikiwaka, punguza. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairekebishiki vizuri baadaye.

5. Rekodi gitaa la kwanza. Vaa hedifoni, washa mdundo wa kuongoza, hesabu nne ndipo uanze. Usiwe na haraka hapa. Huu ndio msingi. Ukienda mrama, wote watakaofuata watayumba.

6. Ongeza mmoja mmoja. Mpigaji wa pili asikilize njia ya kwanza kwa hedifoni, naye arekodi kwenye njia ya pili. Kisha mwimbaji, kisha waitikiaji. Mpiga kayamba akae hatua kadhaa mbali, maana kayamba ina kelele kuliko inavyodhaniwa. Akikosea mstari mmoja, arudie mstari huo tu.

7. Changanya siku nyingine. Masikio huchoka kama miguu. Weka gitaa moja kushoto kidogo, la pili kulia kidogo, sauti ya mwimbaji katikati. Sikiliza kwa hedifoni, kwa simu na kwa redio ndogo. Maneno yakisikika kote, kazi imekwisha.

KUTUNZA KAZI

Kwa kiwango cha kawaida cha CD, dakika moja ya njia moja hula kama megabaiti 5. Wimbo wa dakika nne wenye njia sita utakula kama 120 na kidogo. Yaani kadi ya gigabaiti 8 hubeba nyimbo zaidi ya hamsini. Lakini kadi hupotea na huharibika. Weka nakala mbili mahali pawili tofauti, na utunze vipande vyote, si wimbo uliochanganywa peke yake. Mwenye vipande ndiye anayeweza kurekebisha kesho.

MALI NI YA NANI?

Hapa ndipo vikundi vingi huvunjikia. Sheria ya Kenya humlinda mtungaji wa muziki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hata hivyo, msingoje kuzozana. Kabla ya kurekodi, andikeni karatasi moja: nani ametunga, nani amepiga, nani anatunza kadi, na pesa zikipatikana zitagawanywa vipi. Kila mmoja atie sahihi, awe Mwislamu au Mkristo, msichana au mvulana.

Kwa nyimbo za jadi, nendeni kwanza kwa wazee wenye nyimbo hizo. Tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Lakini hata bila sheria, adabu yatudai tuombe ruhusa. Tena mzee akikubali kupiga, mrekodi kwanza peke yake, bila kumwongezea chochote, na jina lake liandikwe. Tunajua mfano wa talanta: iliyofukiwa ardhini haikumfaa mtu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, ni mzee gani mpigaji ambaye hajarekodiwa bado? Nani atamwendea wiki hii?

2. Nyimbo mlizokwisha kurekodi, vipande vyake viko kwa nani?

3. Mashine ikinunuliwa kwa mchango, itakaa wapi, na ikiharibika mikononi mwa mmoja wenu mtafanyaje?