Neno Dogo, Kazi Kubwa

Huko Karen, upande wa magharibi wa Nairobi, ingaliko nyumba aliyokaa Bibi Karen Blixen, mzaliwa wa Denmark, hata alipoondoka mwaka 1931. Alipounganisha maneno mawili kwa lugha yao alisema "og". Mumewe Bror, Mswidi, alisema "och". Waingereza husema "and", Wajerumani "und". Maneno haya ni viungo, kama "na" yetu.

Wakikuyu waliofanya kazi shambani mwake nao walisema "na". Lakini msomaji asidhani kuwa ni "na" ile ile kwa kila kazi. Katika kauli ya kutendwa, Mkikuyu humtaja mtenda kwa neno jingine, "nĩ". "Na" ya Kiswahili huunganisha, tena humtaja mtenda.

Basi, mtu akiandika katika hati, "Ng'ombe wameuzwa na mbuzi na Kamau," ni nani aliyeuza? Je, mbuzi wameuza ng'ombe? Au Kamau mwenyewe ameuzwa? Yafaa aandike, "Kamau ameuza ng'ombe na mbuzi." Hati iliyo wazi huzuia mashauri barazani.