Jifunze Ufundi: Kidani Kimoja, Mitindo Mitatu

Kikombe cha enameli cha nyanya ni chuma kilichopakwa unga wa kioo, kikachomwa kwenye tanuri la nyuzi 800 hivi hadi kioo kikashikamana nacho. Mafundi wengi wa Kitengela, Isinya na Kajiado mjini hawana tanuri hilo. Hata hivyo, mng'ao unaofanana nao hupatikana kwa rezini ya epoksi iliyotiwa rangi, bila moto. Somo hili ni la akina mama na vijana wa vikundi vya ushanga wanaotaka kuongeza bidhaa mpya.

Mahitaji

Bati la shaba la nusu milimita, waya mwembamba wa shaba, makasi ya bati, koleo, tupa, msasa, msumari wa inchi 3, rezini na kigumishi chake, rangi ya unga, vijiti vya meno na glavu.

Hatua

1. Kata duara la upana wa sentimita 4, ukiacha ulimi wa sentimita 1.5 juu yake. Toboa tundu kushoto na kulia. Lainisha kingo kwa tupa.

2. Viringisha ulimi kwa nyuma kuzunguka msumari, kisha uchomoe. Utabaki na mrija mdogo.

3. Sugua uso kwa msasa, osha kwa sabuni, kausha. Usiuguse tena kwa vidole, kwani mafuta huzuia rezini kushika.

4. Pinda waya ufuate mchoro wako, ukitenga chumba kwa kila rangi. Matundu yabaki nje. Gandisha waya kwa rezini kidogo, uache ukauke.

5. Changanya rezini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti; nyingine ni sawa kwa sawa, nyingine mbili kwa moja. Ukikosea, kidani kitanata daima. Koroga polepole, kisha tia rangi kidogo.

6. Jaza vyumba kwa kijiti. Laza kidani ukingoni mwa ubao, mrija ukining'inia nje ili uso ubaki sawa. Funika, usikiguse kwa saa 24.

Kuvaa

Pitisha kamba ya ngozi kwenye mrija, kiwe cha shingoni. Pitisha pini kubwa mahali pale pale, kishike shuka. Funga mkanda wa shanga kwenye matundu mawili, kiwe bangili.

Tahadhari

Rezini mbichi huwasha ngozi na harufu yake hudhuru. Vaa glavu, fanyia kazi penye hewa, na watoto wakae mbali. Kidani kisiachwe juani wala ndani ya gari lenye joto, maana rezini hulainika na kugeuka manjano.

Bei na uaminifu

Hesabu kabla ya kuuza. Tuseme shaba ni shilingi 60, rezini na rangi 50, waya na pini 30, na saa mbili za kazi kwa shilingi 100 kila moja. Jumla ni shilingi 340. Ukiuza kwa 300, umemlipa mteja shilingi 40 abebe jasho lako.

Usimwambie mtalii wa Namanga au Amboseli kwamba ni enameli halisi. Mwambie ni rezini juu ya shaba, iliyofanywa kwa mkono, kisha umwonyeshe namna tatu za kuivaa. Anayeuziwa ukweli hurudi, tena huja na wenzake.