Kabla ya Kutia Vali Katika Bomba la Maji

Wakulima wengi katika skimu za makazi hupata maji kwa bomba litokalo kwenye tangi la mlimani. Bomba likipasuka usiku na hakuna vali, tangi lote humwagika, na asubuhi ng'ombe wa maziwa hawana la kunywa. Ni vizuri basi kutia vali. Lakini kazi kubwa ni ile ya kabla ya kuitia.

Kwanza jua nguvu ya maji. Kila meta 10 za kimo huongeza karibu bar 1. Kimo ni cha kwenda juu wima, si urefu wa bomba. Shamba lililo meta 80 chini ya tangi lina karibu bar 8 maji yakisimama. Vali iliyoandikwa PN 10 yafaa hapo. Ya PN 6 haifai, hata ikiwa ni rahisi.

Tena tazama mshale. Vali ya kuzuia maji yasirudi ina mshale, nao lazima ufuate mwendo wa maji. Ikitiwa kinyume haitapitisha hata tone. Geti-vali yaweza kutiwa upande wowote.

Sasa neno ambalo wengi hulidharau: kusafisha bomba. Ukikata bomba kwa msumeno, vumbi la chuma au la plastiki huingia ndani, pamoja na udongo wa mtaro. Fungulia maji juu yapite mpaka yawe meupe, ndipo uyafunge tena na kutia vali. Watu huona ni hasara, lakini maji hayo yaweza kukingwa kwa pipa. Chembe ya mchanga ikikaa kwenye kiti cha vali, haitafunga sawasawa.

Chimba shimo la kutosha mikono na spana, utie kokoto chini, na tofali la kubeba vali. Ncha mbili za bomba zikae sawa zenyewe. Usizivute kwa boliti, kwa maana vali itapasuka baadaye. Katani uizungushe kwa upande wa kukazia, uache uzi wa kwanza wa skurubu wazi, isije ikaingia ndani.

Siku ya kwanza fungua robo tu mpaka hewa itoke. Kufunga pia kuwe polepole: maji yanayokimbia yakizuiwa ghafula hugonga kama nyundo, na kiungo chaweza kupasuka mbali, katika shamba la jirani.