Kaunti ya Tama: ardhi, majina na lugha

Katika isimujamii tunaulizana mara nyingi kwa nini lugha ya jamii ndogo hubaki huku nyingine ikipotea. Najibu kwa mfano wa mbali: Tama, katika jimbo la Iowa, Marekani. Ni kaunti, yaani eneo la utawala lililo chini ya jimbo. Ni nchi ya mahindi na soya, yenye watu wapatao 17,000.

Tuanze na majina. Tama linatokana na Taimah, mkuu mmoja wa Wameskwaki. Wenyewe hujiita Meskwaki, watu wa ardhi nyekundu. Wafaransa waliwaita Renards, yaani mbweha. Waingereza wakatafsiri Fox, na neno hilo limo hadi leo katika jina lao rasmi. Sisi tunaojua jinsi wageni walivyolieneza jina Bangala hatushangai.

Pili, ardhi. Kwa mkataba wa 1842 waliipoteza Iowa, wakatakiwa kuhamia Kansas. Baadhi walibaki, wengine wakarudi. Mwaka 1856 bunge la jimbo liliwaruhusu kukaa, na 1857 walinunua eka 80 kando ya mto Iowa. Leo wana zaidi ya eka 8,000, mali ya jamii nzima. Kwa hiyo hawakubali makao yao yaitwe hifadhi: hawakutengewa na serikali, walinunua.

Tatu, maandishi. Wameskwaki waliandika lugha yao kwa silabi zilizotokana na herufi za Kilatini, bila kuonyesha urefu wa irabu, kama sisi tunavyoandika Kilingala bila toni. Kuanzia 1911 Truman Michelson alikusanya maelfu ya kurasa walizoandika wenyewe. Sarufi yake inatufaa. *Neniwa* ni mwanamume, *neniwaki* wanaume. *Neniwani* ni mwanamume pia, lakini yule aliye pembeni ya habari. Tukisema “Kasongo alimwambia Ilunga kwamba amechelewa”, nani amechelewa? Kimeskwaki huwatofautisha wawili hao kwa kiambishi. Leonard Bloomfield alitumia lugha hii, pamoja na ndugu zake, mwaka 1925 kuonyesha kwamba kanuni za mabadiliko ya sauti hufanya kazi hata katika lugha zisizo na maandishi ya kale.

Sasa tulinganishe na Wacheki, waliolima karibu na Clutier, Vining na Chelsea. Nao walikuwa na ardhi, lakini kila familia yake, na watoto wakasoma shule za Kiingereza. Mei 1918, wakati wa vita, Gavana William Harding aliamuru Kiingereza pekee kitumike shuleni, hadharani, kwenye treni, katika simu na katika ibada. Amri haikudumu, lakini ilionyesha lugha ya nani ina haki. Kicheki kikarudi nyuma, kizazi baada ya kizazi.

Kwa maoni yangu, hati ya shamba peke yake haikilindi kitu. Kinacholinda ni mahali pa pamoja ambapo lugha ina kazi: baraza, ibada, shule ya jamii. Hata hivyo Kimeskwaki nacho kiko hatarini. Wanaokisema vizuri wengi ni wazee, na shule ya makao inajitahidi kuwafundisha watoto.

Wanafunzi wenzangu, tunapokwenda vijijini na vinasa sauti, tusiishie kuorodhesha maneno. Tuulize lugha hiyo inafanyia kazi wapi, kisha tumwachie msemaji kalamu aandike mwenyewe.