Kijana wa Kiislamu na somo la falsafa

KILA mwaka yakitoka matokeo ya kidato cha sita, nyumba nyingi za Waislamu hapa mjini huingia katika mjadala: kijana akasome nini chuo kikuu? Majibu yanajulikana: udaktari, sheria, uhasibu. Akitokea kijana akasema anataka falsafa, wazee hushituka. Mmoja atauliza atakula nini, mwingine ataogopa kwamba atatoka katika dini.

Mimi niliyasikia yote mawili. Alama zangu zilinitosha kusoma sheria, nikachagua falsafa. Baba mdogo akaniambia: "Mwanangu, Ghazali alishawavunja wanafalsafa. Wewe unarudi kwao kutafuta nini?" Hoja ya mzee wangu ni nzito, na haifai kupuuzwa. Basi tumtazame huyo huyo Imamu Ghazali.

Abu Hamid al-Ghazali (1058-1111) alifundisha katika madrasa ya Nizamiyya, Baghdad, akiwa na wanafunzi wapatao 300. Katika al-Munqidh anaeleza kuwa alisoma vitabu vya wanafalsafa kwa muda usiofika miaka miwili, katika nafasi aliyoipata baada ya darsa zake, kisha akakaa karibu mwaka mwingine akiyatafakari aliyoyasoma. Ndipo katika Tahafut al-Falasifa akawajibu kwa masuala 20. Katika matatu tu aliwahukumu kuwa wamekufuru: kusema ulimwengu hauna mwanzo, kusema Mwenyezi Mungu hajui mambo kimoja kimoja, na kukana kufufuliwa kwa miili. Mantiki hakuitupa. Aliiweka mwanzoni mwa al-Mustasfa, kitabu chake cha usuli fiqhi, akasema asiyeijua, elimu yake haiaminiki.

Huyo ndiye tunayemtaja tunapowazuia vijana wetu! Yeye hakujibu asichokijua. Na Ibn Rushd (1126-1198), aliyeandika kitabu kizima kumpinga Ghazali na kuitetea falsafa, alikuwa kadhi wa Seville na Cordoba. Bidayat al-Mujtahid yake wanafunzi wa fiqhi wanaisoma hadi leo.

Qur'ani nayo inatusimulia Nabii Ibrahim (a.s.) na mfalme aliyedai kuwa anahuisha na kufisha. Ibrahim hakupiga kelele. Alimtaka alitoe jua magharibi, na mfalme akakosa la kusema.

Sasa tuje kwetu. Sheria ya Kanisa Katoliki inamtaka anayesomea upadri asome falsafa kwa miaka miwili kamili, mbali na teolojia. Hapa Tanzania, Kibosho na Ntungamo zipo seminari kuu za falsafa. Je, sisi tunawaandaa wangapi?

Swali hili si la mapambo. Katiba yetu inasema nchi haina dini. Lakini wananchi wake wana dini. Je, maana yake ni kwamba dola isiingilie ibada za watu, au ni kwamba dini isisikike kabisa katika mambo ya umma? Mjadala wa Mahakama ya Kadhi, uliofika hadi Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, unasimama juu ya swali hilo. Mwanasheria atakuonyesha kifungu kinasema nini. Kuuliza kama maana iliyopewa kifungu hicho ni ya haki, hiyo ni kazi ya falsafa. Tukienda pale na uchungu peke yake, tutarudi nao.

Simwambii kila kijana akasome falsafa. Anayeitaka naomba aangalie mambo matatu. Kwanza, aisome aqida yake kwa mwalimu kabla ya kuingia. Pili, asome maandiko yenyewe, asitosheke na muhtasari wa darasani. Tatu, aambatanishe na fani ya kumlisha, kwa sababu matangazo ya kazi yanayomtaka mhitimu wa falsafa ni machache. Mimi niliambatanisha na ualimu, na ndio unaolisha nyumba yangu.

Na wazazi nawaomba, kabla ya kusema hapana, mumuulize kijana anakwenda kutafuta nini. Akiwa na jibu, mumuombee dua aende.

Wallahu a'lam.